Kombe la Chelangat

S.L.P. 4417,
Kiamunyi, Nakuru.
Juni 21, 2025.

Mpendwa Shangazi Milcah,

Salamu nyingi kutoka kwetu sote, na ziwe zimekukuta huko Perth ukiwa mzima, magoti yakiwa yametulia na baridi haijakuonea. Mume wangu Ndegwa ananiambia miezi hii ndiyo mnavaa masweta huko kwenu. Mimi bado nashangaa jinsi dunia ilivyogawanywa, huku mtu anapalilia viazi na kule mwingine anawasha hita.

Sisi hatujambo. Ndegwa yuko bado Olkaria kwenye visima vya mvuke, anarudi nyumbani wikendi akinuka kama mayai ya kuchemsha, lakini tumezoea. Mama presha yake imeshuka tangu aache chumvi, ingawa ananung'unika kila akionja supu. Baba ana nguvu zake. Mau Narok mvua imekuja kwa wakati na ngano imeota vizuri, sijaiona hivyo tangu nikiwa msichana.

Nimeamua kuandika kwa kalamu kwa sababu kwenye simu hunisikii vizuri siku hizi, nami nikipiga kelele majirani wanadhani tunagombana. Tena habari uliyoipata, uliipata nusu. Uliniuliza katika ujumbe wako kama ni kweli Chelangat wetu ameshinda kombe na Baba amechinja. Shangazi, kuchinja alichinja. Hilo la kombe ndilo linataka uketi na chai yako nikueleze pole pole.

Mara ya mwisho ulipokuja nyumbani, Chelangat alikuwa kidato cha tatu. Ulikuwa pale uwanja wa Afraha pamoja nasi aliposhinda mbio za mita elfu tatu, ukamwona Baba akiruka ua kama kijana na kumbeba binti yake mabegani mbele ya watu. Tangu siku ile Baba hakuwa na hadithi nyingine. Alijenga hata kabati la mbao sebuleni, lenye kioo, la kuwekea makombe yatakayokuja. Wewe ulirudi Australia ukijua utamwona kwenye televisheni.

Alipomaliza shule alipita vizuri sana, akachagua kwenda Pwani kusomea viumbe vya baharini. Viatu vya mbio aliviacha chini ya kitanda. Baba hakumzuia. Alisema tu, "Umeacha barabara ukaingia matopeni," na tangu hapo mazungumzo yao yakawa ya mvua na ng'ombe. Akipiga simu, Baba anauliza kama kumenyesha huko, anampa Mama simu, anatoka nje. Miaka yote ya shahada ya kwanza, ya pili, mpaka hii ya udaktari anayoimalizia sasa. Hawakukosana, Shangazi. Ilikuwa mbaya kuliko kukosana, kwa sababu hakukuwa na kitu cha kupatanishwa.

Sasa nikueleze kazi yake, maana hata mimi nimeielewa mwaka huu tu. Huko kusini mwa Kilifi kuna mkono wa bahari unaoingia nchi kavu, wenyewe wanauita Kidundu. Maji yakitoka yanaacha uwanja mkubwa wa matope na nyasi za baharini. Ndani ya yale matope kuna kamba wadogo wanaochimba mashimo, na ndani ya mashimo hayo Chelangat alikuta kombe, yaani yule mdudu wa baharini mwenye magamba mawili yanayofungana kama kifuko. Ni mdogo kama ukucha wa kidole cha mwisho, mweupe kwa nje, na ndani ana rangi ya waridi. Anaishi katika shimo la kamba kama mpangaji. Chelangat alimtafuta kwenye vitabu vyote, hakumpata. Hakuna mtu duniani aliyekuwa amemwandika.

Basi akaandika yeye. Lakini mtaalamu mmoja wa ng'ambo akapinga, akasema huyo si kombe mpya, ni mtoto wa aina nyingine inayojulikana, amwache akue atamwona. Mtu mwingine angekata tamaa. Unamjua mwanao. Alirudi matopeni msimu wote wa upepo wa kusi, akiinama na ndoo, mpaka akapata alichokitaka. Mwezi wa kwanza mwaka huu kazi yake ilikubaliwa na kuchapishwa, na kombe yule akaingia katika hesabu ya viumbe vya dunia kwa jina alilompa Chelangat.

Siku hiyo hiyo akampigia Baba.

Mtandao wa kule shambani unaujua. Baba alikuwa kwenye ghala la viazi. Chelangat akasema, "Baba, nimepata kombe mpya! Imetambuliwa dunia nzima!" Na Kiswahili chetu cha huku juu, Shangazi, kombe ya baharini ni mpya na kombe ya michezo ni mpya, hatuna habari na ngeli. Kabla hajaeleza, simu ikakatika.

Baba hakungoja ipige tena. Alitoka kwenye ghala akiwa na gunia begani, akamwita Mama mpaka ng'ombe wakashtuka. "Nyakio! Mtoto amerudi kukimbia! Alikuwa anatuficha!" Mama anasema hajamwona na uso ule tangu siku ya Afraha. Kufika jioni Mchungaji Naftaly alikuwa na habari, na Jumapili ikatangazwa kanisani kwamba binti ya Mzee Kosgei amepata kombe la dunia na atakuja nyumbani tumshukuru Mungu pamoja. Mimi niliambiwa nilete masufuria makubwa.

Nilishuku kidogo. Nilijua kuhusu yule mdudu, ingawa si kwa jina la kombe, Chelangat akizungumza nami husema kwa Kiingereza. Nikajiambia, labda kuna mashindano ya wafanyakazi wa chuo. Ukweli ni kwamba furaha ya Baba ilinifunga mdomo. Na Chelangat, alipoambiwa kuna maombi ya shukrani, alilia kwenye simu. "Linah, Baba ameelewa," aliniambia. "Hatimaye ameelewa."

Alikuja mwezi wa pili, ngano ikiwa imeshavunwa. Alipoteremka langoni alikuta hema, viti vya kanisa, akina mama wamevaa leso za sare, na kibuyu cha mursik, maziwa yetu ya mgando, ya kumlaki kama wanavyolakiwa wakimbiaji uwanja wa ndege. Waliimba. Wakamnywesha. Baba alisimama mlangoni na suti yake ya kijivu, na nyuma yake, kupitia mlango uliokuwa wazi, kabati la kioo lilikuwa limefutwa vumbi. Rafu ya juu ilikuwa tupu, imetandikwa kitambaa cheupe.

Niliona macho ya Chelangat yakienda kwenye kile kitambaa. Akanishika mkono, tukaingia jikoni.

"Linah, hawa watu wanadhani nimepata nini?"

Nikamwambia. Aliketi juu ya ndoo ya maji iliyofunikwa. Nilikuwa na wasiwasi mpaka ulimi ukaniruka, nikamwambia tuseme kombe limebaki Mombasa kwenye ofisi, watu wale chakula, washibe, waende, tutamweleza Baba baadaye polepole. Mama alikuwa anapakua wali, niliona anakubali kwa kichwa.

Chelangat akainuka. "Hapana. Nilichopata ni kitu kizuri. Sitakificha kama kitu kilichoibwa."

Akatoka na begi lake.

Mchungaji alimkaribisha aseme neno. Shangazi, mtoto yule alisimama mbele ya kanisa zima akasema kwamba anawashukuru kwa upendo wao, na kwamba kuna jambo halikueleweka kwa sababu simu ilikatika. Hajakimbia mashindano yoyote. Kombe alilopata si la kushindania, ni kiumbe cha Mungu cha baharini, ambacho hakikuwa kimejulikana na binadamu yeyote msomi mpaka mwaka huu. Akatoa kwenye begi kichupa cha kioo kisichozidi kidole gumba, akakiinua.

Kisha Kipngeno jirani yetu, yule ambaye kijana wake Kiplimo hukimbia mashindano nchi za nje, akasema kwa sauti ya kusikika mpaka jikoni, "Kwa hivyo tumemlaki konokono?"

Watu wengine wakacheka. Mama akajifunika uso na leso, nikamsikia akimwita Mungu, "Ngai, Ngai." Mimi nilimwangalia Baba. Alikuwa amekaa kwenye kiti cha mbele, mikono juu ya magoti. Nilidhani atainuka aende zake kama afanyavyo kwenye simu.

Aliinuka, kweli. Lakini alienda mbele. Akamwambia Chelangat, "Lete nione."

Chelangat akampa kichupa na kioo cha kukuzia. Baba alikaa nacho sana, akikigeuza kwenye mwangaza. Unajua jinsi anavyoangalia punje ya mbegu kabla hajakubali kuinunua. Kicheko kilikufa chenyewe.

"Nani alisema ni mpya?" akauliza.

"Mimi, Baba."

"Na hakuna aliyekataa?"

"Alikuwepo. Alisema ni mtoto wa aina nyingine, hajakomaa tu."

"Hata mimi ningesema hivyo. Ni kadogo. Ulijuaje si mtoto?"

"Nilirudi nikatafuta mpaka nikapata mwingine, nikamfungua. Alikuwa na watoto ndani yake." Akatabasamu kidogo. "Baba, mtoto hana mimba."

Akina mama ndio walioanza. Walipiga makofi na kucheka kile kicheko chao cha jikoni, mmoja akapiga vigelegele, na Mama yetu akatoa leso usoni. Hata Mchungaji alilazimika kuangalia Biblia yake. Baba hakucheka. Alisema, "Hiyo ni akili." Kisha akageukia wageni. "Chakula kiko tayari. Mmekuja kushukuru, basi tushukuru." Akamtazama Kipngeno. "Na wewe ule, hata kama ni konokono."

Watu walikula vizuri mpaka sufuria zikabaki safi. Kabla wageni hawajaondoka, Mama alimwuliza Chelangat kichinichini kama huyo mdudu amempa jina la nyumbani. Alisema hapana, amempa jina la Kidundu. Mama alivunjika moyo, sikufichi. Alitarajia Kosgei, au hata Nyakio. Chelangat akamweleza kwamba kuna kampuni inataka kujenga hoteli pale, na inataka kuchimba matope yote ili boti zipite. Mashimo ya kamba yakiondoka, kombe ameondoka, na hakuna anakojulikana kuishi kwingine. "Jina lake likiwa la mahali pale, Mama, hakuna atakayesema hakujua anatoka wapi."

Wageni walipoondoka, Baba alikaa na Chelangat kwenye ngazi za nyuma, mimi nikiosha vyombo karibu. Nilisikia yote na sioni haya.

"Sitakudanganya," Baba alisema. "Mimi nilitaka lile kombe lingine."

"Najua, Baba."

"Ulikuwa na miguu. Sijaona miguu kama ile."

"Bado ninayo. Lakini nikikimbia nilikuwa nangoja kumaliza. Kila siku, tangu mwanzo wa mbio, nangoja kumaliza. Kule matopeni sijawahi kungoja kumaliza."

Baba alimwuliza tu kama kule kumenyesha. Nilitaka kurusha sahani. Lakini safari hii alipouliza hakuondoka, alibaki pale mpaka Chelangat alipomaliza kumweleza habari za mvua ya Pwani na jinsi maji matamu yanavyobadilisha matope. Aliuliza na lingine, na lingine.

Chelangat akarudi kazini. Wiki zikapita, Baba hakuligusa jambo hilo. Ndipo mwezi wa nne akanipigia simu mwenyewe, jambo asilolifanya, akauliza, "Hao watu wa kuchimba, mkutano wao ni lini?" Nikamwambia ni mwezi wa tano, wananchi wataitwa watoe maoni mbele ya maafisa wa serikali. "Basi utanipeleka," akasema.

Mama alibaki na ng'ombe. Tulipanda treni Nairobi, mimi na Baba, yeye na suti ya kijivu na gambuti ndani ya mfuko wa plastiki. Umri wote huo hakuwa ameona bahari. Nilidhani atashangaa ukubwa wake. Alichosema ni, "Na hawawezi kumwagilia nayo hata bustani," akatikisa kichwa kwa huruma.

Mkutano ulifanyika katika darasa la shule ya msingi. Tuliketi nyuma. Kampuni ilileta wakili kijana, mwenye maneno laini, na picha za hoteli zenye rangi. Chelangat akasimama na picha zake za matope. Alieleza kwa Kiswahili chepesi, hakutumia maneno ya chuo, alieleza habari za kamba na mpangaji wake, na kwamba samaki wadogo wanaovuliwa na watu wa pale hulelewa katika nyasi hizo hizo. Sauti yake ilijaa darasa. Nilikuwa sijawahi kumsikia akisema hivyo.

Wakili alimwacha amalize. Kisha akatabasamu. "Dada, nimeangalia jina lako. Wewe ni mtu wa kutoka Mau Narok. Huko mnajua ngano na viazi, hongera. Lakini hawa wananchi wanahitaji kazi, na hii ni bahari yao. Wewe inakuhusu nini?"

Pakawa na minong'ono. Baba alikuwa ameshaanza kuinuka, nikamshika koti, maana nilijua akisema yeye, mtu mwingine wa Mau Narok, atakuwa ametia msumari pale pale.

Aliyeinuka ni mama mmoja wa mbele, mnene, amejitanda kanga mbili. Baadaye tulimjua kwa jina, Bi Mejumaa. Yeye na wenzake huokota kaa na makombe ya kula katika matope yale tangu ujana wao.

"Bwana wakili," alisema, "huyu usimuulize atokako. Miaka yote hii tope likimfika kiunoni, wewe hatukukuona. Ametufundisha tusiokote wakati wa kuzaa, tukamsikia, na sasa tunapata zaidi. Mwanangu alipougua, yeye ndiye aliyembeba hadi barabarani. Huyu ni mwetu, mtoto wa nyumbani."

"Ni mwetu!" wenzake wakaitikia, darasa zima la kanga. "Mwetu huyo!"

Wakili aliketi. Maafisa wakaandika. Mimi nilikuwa nalia waziwazi, na koti la Baba bado liko mkononi mwangu.

Uamuzi umetoka wiki iliyopita, ndiyo maana nimengoja nikuandikie sasa. Kampuni imekatazwa kuchimba Kidundu. Ikitaka hoteli, itumie gati la zamani upande wa mawe, mbali na matope. Chelangat anasema watajaribu tena, watu wa aina hiyo hawachoki, lakini hata yeye hachoki, nami namwamini.

Ila nilitaka kukwambia lililotokea siku ile tulipotoka nje ya darasa. Wale akina mama walikuwa wamemzunguka Chelangat, wanamvuta huku na huku, wanamtania kwa lugha yao, naye anawajibu kwa lugha hiyo hiyo, anacheka na kichwa amekirudisha nyuma. Baba alisimama kando na mfuko wake wa gambuti, akimwangalia kama mtu anayesoma kitu kwa mara ya kwanza. Bi Mejumaa akamwendea.

"Mzee, huyu ni bintiyo?"

"Nilidhani ni wangu peke yangu," Baba akasema.

"Basi karibu kwetu, tule," Bi Mejumaa akamwambia. "Mtoto tumegawana, sisi sote ni wakwe."

Na Baba, Shangazi, kaka yako huyu unayemjua, akavua viatu vyake vya kanisani, akaketi kwenye mkeka katikati ya akina mama wa Kiislamu, akala wali wa nazi mpaka akaongezwa.

Tuombee, nasi tunakuombea. Mama anakusalimu na anauliza kama dawa ya mgongo aliyokuelekeza ilikusaidia. Ndegwa anakusalimu. Chelangat anakusalimu sana, anasema ukija safari hii usiishie Nakuru. Kaka yako Kosgei anasema huna sababu ya kukaa huko mpaka uzee wote uishe, nyumba yako ya udongo tumeiezeka upya.

Mungu anayekutazama huko ndiye anayetutazama huku, na asitutenge na macho yake.

Ni mimi, mtoto wa kaka yako, nisiyepunguza kukupenda,

Linah